Nimegeuza sebule yangu kuwa ukumbi wa picha (Igogo, Mwanza). Yaliyonikuta mara nne

Jiwe la Sebuleni (mleta uzi), Ijumaa saa 3:10 usiku

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, sitamnunia.

Mimi ni mchoraji. Kinacholisha nyumba ni vibao vya maduka na maandishi ya kwenye daladala. Picha zangu mwenyewe nachora usiku watu wakilala. Nakaa upande wa Igogo, kule juu kwenye mawe. Mnaoijua Mwanza mnaelewa: ukiacha barabara ya Kenyatta unapanda ngazi ambazo si ngazi, unapita uani kwa watu watatu, unapiga hodi kwa kila mmoja, ndipo unafika kwangu. Nyumba ni ya marehemu baba, vyumba sita na korido katikati. Upande mmoja ni sisi, upande wa pili wapangaji watatu. Ukuta wa nyuma wa sebule haukujengwa. Ni jiwe. Mzee alishindwa kulipasua, akaiegemeza nyumba hapo hapo.

Kwa nini sebuleni? Kwa sababu nimehangaika na kuta za watu. Mahoteli wanataka twiga, machweo, na Jiwe la Bismarck, lile la ziwani. Mgahawa mmoja ulinipa ukuta, nikashukuru, picha zikakaa miezi mitano juu ya karai la chipsi. Zilirudi zinanuka mafuta mpaka leo. Ndipo nikasema, kwani mimi sina ukuta?

Mwaka jana mwezi wa sita nikatoa makochi, televisheni na kabati la vyombo, nikaviweka uani chini ya turubai. Nikapiga niru. Tukatundika picha 11, zangu na za wenzangu wawili, mmoja alisoma sanaa Chuo cha Ualimu Butimba. Chini kabisa barabarani nikaweka kipande cha hadibodi: KARIBU UONE PICHA, BURE, na mshale.

Watu walikuja. Shida ikaanza hapo hapo mlangoni.

Wanavua viatu. Wanasema hodi. Wanauliza watoto hawajambo, wanauliza mama yuko wapi, halafu wanatafuta pa kukaa, na makochi nimeyatoa mwenyewe. Basi wanachuchumaa pale karibu na mlango, wananiangalia MIMI. Picha 11 ziko kutani, mtu hainui macho! Ilinichukua Jumamosi nzima kuelewa. Mtu aliyelelewa vizuri akiingia kwa watu haangazi macho huku na huku. Kutazama-tazama nyumba ya mwenzio ni ushamba, au unataka kuiba, au unahesabu umaskini wake. Mimi nawaita waje waangalie kuta zangu, na adabu waliyofundwa na mama zao inawakataza kufanya hivyo.

Dawa niliyopata: nikawa natoka nje makusudi. Najifanya naangalia maji jikoni. Nikirudi nawakuta wamesimama, wanabishana mbele ya picha. Nikiingia tu wanakaa chini.

La pili, chai. Mgeni akiingia kwako hanywi kitu? Wikiendi ile sukari, maandazi na soda vilinila shilingi 38,000. Niliuza picha moja, 45,000. Mwenye hesabu apige.

La tatu, mwenyekiti wa mtaa akapanda mlima, anahema, ananiuliza: “Bwana, hapa umefungua kanisa au unaagua?” Watu wamehesabu viatu mlangoni, jozi ishirini, ndani kimya. Kwa mlima wetu huo ni mganga au mlokole.

Nimefanya mara nne sasa. Nataka kujua kama kuna mwingine aliyejaribu huku Kanda ya Ziwa au popote, na kama kuna njia ya kufanya hivi bila nyumba kuwa stendi.

Dagaa Mkavu, saa 3:14 usiku

Siti ya mbele. Na kwa mganga ningekuja pia, mgongo unanisumbua.

Fundi Fremu, saa 3:31 usiku

Mkuu, swali la kifundi kwanza. Hilo jiwe wakati wa masika halitoi jasho? Mimi nimefunga fremu Makoroboi miaka mingi, picha zilizoharibika na unyevu wa ukuta nimezipokea nyingi kuliko zilizovunjika. Kama umechora kwenye amerikani uliyoiwamba mwenyewe, nguo inalegea, rangi inapasuka. Usitundike kwenye jiwe, na hata ukuta wa jirani na jiwe acha nafasi ya vidole viwili nyuma ya fremu, gonga vipande vya mbao kwenye pembe ili hewa ipite.

Jiwe la Sebuleni, saa 3:40 usiku

Fundi, linatoa jasho balaa. Mwezi wa nne linang’aa kama limepakwa mafuta. Nilijifunza kwa kuungua: picha moja ya mwenzangu ilianza kuvimba Jumamosi, Jumapili ikawa na tumbo. Sasa jiwe tunaliacha wazi. Cha kuchekesha, wageni wengi hilo jiwe ndilo wanalolisogelea na kuligusa. Kuna mama mmoja aliniuliza nimelichora kwa rangi gani.

Pwani Kwetu, saa 4:02 usiku

Ndugu yangu, hili la adabu ya macho limenigusa. Huku pwani nyumba yenyewe ilijengwa kwa kulijua hilo. Zile nyumba za mawe za Lamu, mgeni wa kawaida anaishia barazani, nje, kwenye kiti cha mawe. Hazina ya nyumba iko ndani kabisa, kwenye chumba kiitwacho ndani, ukuta mzima umechongwa zidaka, vijishimo vya chokaa safu juu ya safu, na humo zilipangwa sahani na bakuli za Uchina. Kwa hiyo maonyesho yalikuwepo nyumbani siku zote! Ila kadiri kitu kilivyo kizuri ndivyo kilivyowekwa mbali na mlango. Wewe umegeuza: kizuri umekileta mlangoni, mama na watoto umewasukuma ndani. Ndiyo maana wageni wako wanachanganyikiwa.

Mlipa Kodi Mwaminifu, saa 4:15 usiku

Mimi nitasema wasichopenda wengi. Hizi ni mbwembwe za kuiga Wazungu. Msanii ana kipaji, sawa, akodi ukumbi kama mfanyabiashara mwingine. Ukiuza picha sebuleni hiyo ni nyumba au duka? Leseni ipo? Risiti? Halafu mkikosa wateja mnasema serikali haijali sanaa.

Sangara Aliyesafiri, saa 4:48 usiku

Mlipa Kodi, hiyo ya kuiga Wazungu ningeikubali kama Wazungu wenyewe wangekuwa na jibu. Nilisoma kidogo mambo ya makumbusho huko kwao, acha nieleze walivyohangaika na hili hili.

Mwaka 1986 mji wa Ghent, Ubelgiji, Jan Hoet, mkuu wa jumba la sanaa la pale, aliwaomba wenyeji wampe vyumba. Wasanii kama hamsini wakatengeneza kazi ndani ya nyumba zaidi ya hamsini, watu wakawa wanazunguka mji mzima wakigonga milango ya wasiowajua. Mmoja wao, Daniel Buren, alipaka chumba cha wageni cha nyumba moja mistari yake, halafu kule jumba la sanaa kukajengwa nakala ya chumba kile kile. Fikirini hapo: chumba cha kulala wageni kikawa na pacha hadharani, chumba kisichoweza kulaliwa.

Mwaka 1991 kijana mmoja wa Uswisi, Hans Ulrich Obrist, alifanya maonyesho jikoni kwake St. Gallen, kwa sababu jiko lenyewe alikuwa hapikii, amejaza vitabu. Kazi nyingine ilikaa chini ya sinki. Kwa miezi mitatu walikuja watu kama thelathini. THELATHINI. Mkuu Jiwe, wewe jozi ishirini za viatu kwa Jumamosi moja unalalamika?

Lakini wa Moscow ndio wanaonigusa mimi. Mwaka 1982 Nikita Alekseev alifungua maonyesho kwenye fleti yake ya chumba kimoja. Wenzake wakajaza kazi kutani, darini, mpaka kwenye friji. Hawakuwa wanatafuta ladha mpya. Kumbi zilikuwa za serikali na serikali haikuwataka, nyumba ndiyo ilikuwa mahali pekee palipobaki. Na hata hapo askari wa usalama waliingia, wakabeba kazi. Kwa hiyo kuna anayefungua sebule kwa kupenda na kuna anayefungua kwa kukosa. Mleta uzi uko upande gani?

Jiwe la Sebuleni, saa 5:05 usiku

Nilianza kwa kukosa. Sasa sijui. Wiki iliyopita mtu alinipa ukuta mzuri mjini, bure, nikajikuta nasitasita.

Ngosha Mstaafu, Jumamosi saa 12:20 asubuhi

Mwangaluka, vijana. Mimi hulala mapema, nimeusoma uzi alfajiri.

Nimefundisha shule za msingi za mkoa huu hadi kustaafu, Magu na Misungwi. Mnayajadili haya kama yametoka Ubelgiji. Sisi Wasukuma tulikuwa na nyumba za picha kabla ya babu zenu kuvaa suruali. Bayeye, wale wa chama cha nyoka, walikuwa na nyumba zao za kufundishia, na kuta za ndani walizichora: nyoka, wanyama, watu wa masimulizi. Aliyekuwa anaingizwa chamani ndiye aliyeonyeshwa, akafundishwa kila umbo na jina lake na siri yake. Asiye wa chama hakuvuka kizingiti. Hans Cory, aliyezaliwa Austria akawa mtumishi wa serikali ya Tanganyika, aliikusanya michoro ile na kitabu chake kikatoka London mwaka 1953. Matokeo yake msomaji wa London, kwa pesa ya kitabu tu, aliona ambacho jirani wa nyumba ya pili hakuruhusiwa kuona. Hilo nimelifikiria sana maishani.

Sasa nendeni Bujora, pale Kisesa, barabara ya Musoma. Padre David Clement alikusanya ngoma za watemi na vyombo, na zimejengwa nyumba za Kisukuma uzione zilivyokuwa. Ni pazuri, nimepeleka wanafunzi mara nyingi. Ila ukiingia zile nyumba kuna kitu kinakosekana na unakijua ukishatoka: hakuna moshi. Hakuna anayelala humo. Nyumba inayoangaliwa tu, hata adabu ya kuingia inabadilika. Watoto wangu hawakuwahi kupiga hodi pale. Kwa huyu kijana wa Igogo wanapiga hodi. Ningekuwa yeye nisingeitafutia dawa hodi hiyo.

Dagaa Mkavu, saa 1:02 asubuhi

Shikamoo mzee. Hapo kwenye moshi nimekaa kimya.

Ngosha Mstaafu, saa 1:05 asubuhi

Marahaba. Na Mlipa Kodi ana hoja yake, msimpuuze. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa Sheria Na. 23 ya 1984, mchoraji ajisajili. Kabla ya siku yako andika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Ukurasa mmoja. Utamwokoa yule mwenyekiti kupanda mlima kwa hasira.

Chumba cha Nne, saa 3:33 asubuhi

Mimi ni mpangaji. Sitasema wa nyumba gani, ila jina langu linajieleza 😅

Hakuna aliyeuliza habari za wapangaji. Baba mwenye nyumba ni mtu mwema, kodi hajapandisha miaka miwili. Lakini siku za picha korido si yangu. Natoka kuoga nimejifunga taulo, nakutana na dada wawili wamesimama wanaangalia mlango wangu, wanajadili ile rangi ya bluu iliyobanduka, wanasema “hii nayo ni kazi au?” Nikawaambia ni kazi, ya mchwa.

Na umeme. LUKU yetu ni moja, tunachangia. Taa zile za kumulika picha zilipitishwa kwa ekstensheni kutoka soketi ya chumbani kwangu. Sikukataa, niliombwa vizuri. Ila mwezi ule uniti ziliisha tarehe 19.

Kuna zuri pia, nisiwe mchoyo. Mama yangu alikuja kunitembelea kutoka Ukerewe ikaangukia siku hiyo. Hajawahi kuingia mahali panapoitwa maonyesho maisha yake yote. Alikaa mbele ya picha ya mtumbwi nusu saa, akasema aliyechora hajawahi kuvua, kamba ya nanga imefungwa upande usio wake. Msanii alikuwepo. Akarekebisha wiki iliyofuata.

Fundi Fremu, saa 3:50 asubuhi

Ekstensheni moja, taa nyingi, nyumba ya dari ya mbao? Wakuu, hapo tusitanie. Picha za rangi ya mafuta na amerikani ni kuni. Taa za LED za wati 5 zinatosha kabisa, na zisikaribie nguo.

Ngosha Mstaafu, saa 4:11 asubuhi

Fundi, kwa hilo la moto umenikumbusha Paa ya Paa, kituo cha sanaa. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alikuwa miongoni mwa walioianzisha Nairobi mwaka 1965. Baadaye ikahamia kwenye kiwanja alichoishi na mkewe Phillda, nyumba na sanaa mahali pamoja, wasanii wanakuja wanakaa, wanakula, wanachora. Mwaka 1997 moto ukala jengo la picha pamoja na kazi zilizokuwemo. Walibaki pale pale wakaendelea. Mtu wa jumba la serikali likiungua anarudi nyumbani kwake kulala. Yeye aliamka kesho yake akafungua dirisha akaona majivu.

Sangara Aliyesafiri, saa 4:30 asubuhi

Na si lazima iwe sebule. Gugulethu, Cape Town, kikundi cha wasanii kiitwacho Gugulective kilianza mwaka 2006, makao yao yalikuwa baa ya nyumbani, yaani kama vilabu vyetu vya uswahilini. Angalieni ujanja wake: kilabuni kila mtu anajua namna ya kuingia, wapi pa kukaa, na kwamba ukitaka kunywa unalipa. Tatizo la chai limekwisha hapo hapo.

Mlipa Kodi Mwaminifu, saa 4:34 asubuhi

Na risiti ya pombe inatoka? Natania. Endeleeni, nafuatilia.

Mama Kulwa, saa 8:17 mchana

Habari zenu. Mimi si mwandishi wa humu, jirani kanitumia huu uzi akaniuliza “huyu si baba Kulwa?” Nikasoma kuanzia juu. Ni yeye. Hilo jiwe nalijua, nalifuta kila masika.

Baba Kulwa ameandika vizuri, ila ameruka. Ametaja sukari yote, hajataja nani aliyesimama jikoni. Amesema alitoa makochi, hajasema kwamba Kulwa na Doto wanalala hapo sebuleni, na kwamba siku nne za maonyesho wamelala nasi, tukawa wanne kitanda cha futi tano. Anasema alikuwa anatoka nje “kuangalia maji jikoni”. Jikoni nilikuwepo mimi. Alikuwa ananiuliza “wameondoka?”

Lakini sijaja kulalamika chai. Chai napika hata msibani na sihesabu. Nimekuja kwa sababu ya picha moja ambayo hakuitaja humu.

Maonyesho ya tatu aliweka picha ya mwanamke amelala, kajifunika kanga, mkono umening’inia. Mimi sikuiona kabla, alichora usiku. Jumapili wakaja wenzangu wa kikoba. Nikaingia na sinia, nakuta wamenyamaza. Mmoja akasema taratibu, “mama Kulwa, hii si ile kanga yako ya ndege?” Wote wanaijua ile kanga, tulinunua sare. Nikamwangalia baba Kulwa. Mgeni mwingine, kijana wa chuo, alikuwa anamuuliza ni nani huyu, naye anajibu, “ni mtu tu, ni usingizi wenyewe.”

Nataka nieleweke. Picha ni nzuri. Ingekuwa kwenye ukuta wa hoteli, kweli ningekuwa mtu tu, ningepita hata mimi nisijijue. Lakini imetundikwa kwangu, hatua nne kutoka kitanda chenyewe, pazia tu katikati, na kitanda kinaonekana miguu. Nani hapo ni mtu tu? Yule kijana aliangalia picha, akaangalia pazia, akaniangalia mimi na sinia la maandazi. Nikaona amepata jibu.

Hayo tuliyamaliza sisi wenyewe, ila kwa kuwa yeye ameleta nyumba humu, na mimi nimeleta kilichobaki.

Jingine dogo: vitambaa vyangu vya makochi, vile vya kufuma, nilikuwa nimevianika uani siku ya maonyesho ya pili. Watu walidhani ni sehemu ya maonyesho. Niliuza vinne, 12,000 kila kimoja. Hilo nalo limesahaulika kwenye hesabu zake.

Dagaa Mkavu, saa 8:19 mchana

Wakuu, nani ana maji ya kunywa humu.

Chumba cha Nne, saa 8:25 mchana

Vitambaa kweli viliuzwa. Mimi shahidi.

Pwani Kwetu, saa 8:41 mchana

Dada, pokea heshima yangu. Umesema kwa sinia na pazia nililoshindwa kulisema kwa zidaka.

Jiwe la Sebuleni, saa 10:02 jioni

Nilikuwa Nyakato napaka kibao cha duka la dawa, simu haikukoma. Nimesoma.

Mama Kulwa, kila ulichoandika ni kweli. Nimekaa hapa najiuliza kwa nini nilisema “ni mtu tu”, maana nilipochora nilikuwa sichori mtu tu hata kidogo. Nilichora kwa sababu ulilala na mkono nje baada ya kurudi Mwaloni na dagaa, saa tisa usiku, na taa ya jirani ilikuwa inapita dirishani. Nilipoulizwa mbele za watu nikaona aibu, nikakimbilia maneno ya kwenye vitabu. Hapo ndipo nilipokukosea, kuliko hata kuitundika. Naomba radhi, na naomba hapa hapa kwa kuwa kosa nililifanya mbele za watu.

Mama Kulwa, saa 10:06 jioni

Sawa. Njoo ule, chakula kinapoa. Mengine tutaongea ndani.

Dagaa Mkavu, saa 10:07 jioni

Haya wakuu, uzi umeingia chumbani, sisi tubaki korido na Chumba cha Nne.

Sangara Aliyesafiri, saa 11:20 jioni

Wakati tunasubiri: naona swali langu la jana la kupenda au kukosa lilikuwa dogo. Huko kote nilikokutajia, Ghent, Moscow, St. Gallen, majina yaliyobaki ni ya wasanii na waandaaji. Sikumbuki kusoma mahali nani alipika, au nani alilala wapi maonyesho yalipokuwa yamekaa kwenye chumba chake. Na mimi nilisoma, nikatoa ada, sikuwahi kuuliza.

Mlipa Kodi Mwaminifu, saa 11:45 jioni

Mimi nabaki pale pale kwenye leseni. Ila vitambaa vinapatikana? Natafuta vya makochi matatu, rangi ya maziwa.

Jiwe la Sebuleni, Jumapili saa 2:30 asubuhi

Wakuu, tumekaa, tumeongea. Ameniambia nisiandike mimi, ataandika mwenyewe. Nampa simu.

Mama Kulwa, saa 2:41 asubuhi

Ya tano itafanyika, mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha na jiwe limekauka. Nimekubali kwa haya.

Makochi hayatoki. Watu wanaingia wanakaa kama wanavyoingia kwa watu, na picha zitundikwe usawa wa macho ya aliyekaa. Mzee Ngosha amesema hodi isitafutiwe dawa, nami naona vivyo hivyo. Mtu akishakaa vizuri na kikombe mkononi, macho yatapanda yenyewe. Hata msibani watu hutazama picha za kutani baada ya chai.

Mlango kati ya sebule na chumbani ununuliwe. Mlango, si pazia. Fundi seremala amekuja kupima jana jioni, baba Kulwa atauchora upande wa sebuleni akitaka.

Saa kumi na mbili jioni mwisho, watoto walale mahali pao. Umeme wa wapangaji usiguswe, nimempa Chumba cha Nne pesa ya zile uniti, na bluu ya mlango wake itarudiwa. Barua ya mwenyekiti nitaipeleka mimi, mke wake yuko kikoba chetu.

Vitambaa vyangu vitakuwa kutani na picha, vina bei. Mlipa Kodi, njoo, risiti nitakuandikia kwa mkono.

Ngosha Mstaafu, saa 2:58 asubuhi

Wabeja sana, mwanangu. Nitapanda taratibu, niwekewe kiti karibu na jiwe.

Fundi Fremu, saa 3:04 asubuhi

Naleta LED nne na vipande vya mbao. Bure, ila mnielekeze hizo ngazi.

Dagaa Mkavu, saa 3:09 asubuhi

Mama Kulwa, shikamoo. Naomba kuuliza kwa adabu zote: ile picha ya usingizi itakuwepo?

Mama Kulwa, saa 3:15 asubuhi

Iko chumbani, nimeitundika mwenyewe. Hodi yenu inaishia sebuleni. Na kila mtu aje na kikombe chake, vyangu vimebaki vinne.